Kuwahesabu Ndege wa Shambani
Maneno ya mazungumzo kwa wakulima wa mtama na uwele

Leo sitasema habari za mbolea wala za matuta. Nataka tuzungumze habari za ndege, na hasa jambo moja ambalo wengi wetu hatujalizoea, yaani kuwahesabu ndege wa shambani na kuandika hesabu yao katika daftari, juma kwa juma, tangu mvua za kwanza mpaka wakati wa kupura.

Najua baadhi yenu mnacheka. Mtasema, ndege tunawajua tangu utotoni, tumewaamia kwa kombeo kabla hatujang'oka meno ya kwanza, kuna haja gani ya kuwaandika kama majina ya watoto wa shule? Haja ipo. Mkulima ye yote wa Dodoma, Singida au Kondoa ukimwuliza ndege walimla kiasi gani mwaka jana, atakujibu, "Walikuwa wengi sana." Ukimwuliza walianza kuja lini, atasema, "Mtama ulipokuwa na maziwa." Ukimwuliza ni ndege gani, atasema, "Wale wadogo wadogo." Majibu hayo si ya uongo, lakini hayamsaidii mtu kupanga kazi yake. Hayamwambii aanze kuamia siku gani, aweke watu wangapi, wala ni ndege yupi amfukuze na yupi amwache.

Na hilo la mwisho lina hatari kuliko watu wanavyodhani. Nitawaambieni habari ya kweli. Mwaka 1958 serikali ya China iliwatangazia watu wake kwamba shomoro ni adui wa nafaka, ikamweka katika orodha moja na panya, inzi na mbu. Watu wakubwa kwa wadogo walitoka wakapiga ngoma na masufuria ili shomoro asipate mahali pa kutua, mpaka akaanguka kwa uchovu. Viota vilibomolewa na mayai yakavunjwa. Shomoro wakafa kwa wingi mno. Lakini shomoro huyo, pamoja na kula nafaka, alikuwa akila wadudu, hasa wakati wa kulea makinda, na wataalamu wa huko waliokagua matumbo ya shomoro walilionyesha jambo hilo. Wadudu waharibifu wakazidi mashambani. Mwaka 1960 shomoro aliondolewa katika orodha ya maadui, na mahali pake akawekwa kunguni. Taifa zima lilikuwa limempiga vita ndege mmoja kabla ya kutazama vizuri anakula nini, mwezi gani.

Sasa, kuhesabu ndege si kazi ya wataalamu peke yao. Huko Uingereza, tangu mwaka 1979, watu wa kawaida na watoto wao huketi saa moja tu, mwezi wa Januari, wakawahesabu ndege wa bustani za nyumbani kwao. Kwa hesabu hizo ndogo ndogo, zilizowekwa pamoja mwaka baada ya mwaka, walitambua kwamba shomoro na kwenzi wao wamepungua sana, jambo ambalo mtu mmoja katika bustani moja asingeweza kulisema kwa hakika. Wao huhesabu kwa kuwapenda ndege. Sisi tuna sababu nyingine, maana ndege wetu wanakaa juu ya chakula chetu.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Chagua mahali pamoja ambapo waweza kuliona shamba lote, au sehemu yake ile ile kila mara. Kama una dungu, dungu ni mahali pazuri. Chagua siku moja ya juma, mathalan Jumamosi, na saa moja isiyobadilika. Asubuhi kuanzia saa 1:00 mpaka saa 1:30 yafaa sana, kwa kuwa ndege huwa wameamka na njaa na jua bado si kali. Mtu akihesabu juma hili asubuhi na juma lijalo adhuhuri, hesabu zake haziwezi kulinganishwa, kwa maana adhuhuri kwelea huwa kivulini hata kama ni elfu moja.

Wengi hukosea katika namna ya kuhesabu. Ndege wakija ishirini, wakaruka, kisha wakaja ishirini tena, mtu huandika arobaini. Huenda ni wale wale ishirini. Kwa hiyo kanuni ni hii: kwa kila aina ya ndege, andika idadi kubwa kabisa uliyowaona kwa mara moja katika ile nusu saa. Usijumlishe. Waingereza wale nao hufuata kanuni hiyo hiyo, na ni kanuni nzuri, kwa kuwa inamzuia mtu asijidanganye. Wakija kundi kubwa, usihangaike kuwahesabu mmoja mmoja. Hesabu kumi, utazame hao kumi wamechukua nafasi kiasi gani, kisha upime kundi zima kwa nafasi hiyo: kumi, ishirini, thelathini. Kwa kundi kubwa zaidi upime kwa mia. Hutapata idadi kamili, wala haihitajiki. Kinachotakiwa ni kujua kama ni mia moja au ni elfu.

Usiogope majina. Andika kwa jina la kwenu, liwe la Kigogo, Kirangi au Kinyaturu. Kama ndege humjui jina, andika umbo lake: mkubwa kama tetere, mgongo mweusi, mkia umepasuka. Baada ya mwezi utakuwa umepata mtu wa kukuambia. Na siku usipomwona ndege uliyemwona juma lililopita, andika sifuri. Sifuri ni hesabu kama hesabu nyingine, na mara nyingi ndiyo inayosema mengi.

Karibu na hesabu ya ndege andika mambo mengine mawili: mvua, na hali ya mmea. Ukurasa waweza kuwa hivi: "Jumamosi, 14 Machi. Saa 1:00 hadi 1:30. Jana mvua. Mtama una maziwa. Kwelea 140, juu ya masuke. Mnana 6. Tetere 9, chini. Mlamba 2, wanadaka panzi. Mwewe 1. Korongo sifuri." Haizidi mistari mitatu. Neno "juu ya masuke" na neno "chini" yana faida yake, maana tetere aliye chini anaokota punje zilizoanguka na mbegu za magugu, hali kwelea aliye juu anakula gunia lako.

Tukifuata mwaka, tuanze mwisho wa kiangazi. Mwezi wa Septemba na Oktoba mbayuwayu hufika kutoka Ulaya, na keremkerem wa huko nao hupita wakilia juu sana angani. Wote wawili hula wadudu tu, hawagusi punje hata moja. Wakati wa kulima, yangeyange hufuata ng'ombe na trekta wakiokota panzi na wadudu waliofukuliwa. Ukishapanda, hapo utazame kunguru, kwale na kanga, maana hao hufukua mbegu. Mwaka ambao hesabu yako yaonyesha kanga thelathini kila asubuhi ya Desemba, utajua kwa nini kona ile haikuota, wala hutailaumu mbegu ya dukani.

Mvua zikishika, Januari na Februari, ndipo watu hufikiri hakuna la kuandika. Lipo. Korongo weupe wa Ulaya huwa nchini kwetu wakati huo, nao hupenda sana panzi na viwavijeshi. Kiwavijeshi huonekana na watu akiwa tayari mkubwa na mweusi, na uharibifu umekwisha anza. Ndege humwona mapema. Kwa hiyo ukiona korongo au yangeyange wengi wamekusanyika penye majani mabichi mahali ambapo juma lililopita uliandika sifuri, acha daftari, nenda ukainame utazame majani.

Sasa nije kwa kwelea, ambaye ndiye aliyetuleta hapa. Yafaa kwanza kumtambua. Ni ndege mdogo, uzito wake hauzidi sana gramu 20, rangi yake ya udongo wenye michirizi kama shomoro, na mdomo mnene mwekundu. Wakati wa kuzaa dume huvaa uso mweusi kama barakoa, na mdomo wa jike hugeuka kuwa wa njano. Usimchanganye na mnana, ambaye dume lake ni la njano na ambaye hufuma kiota kinachoning'inia penye miti ya nyumbani. Mnana naye hula nafaka, lakini hana majeshi. Mtu anayeandika "ndege wadogo 200" bila kusema ni yupi amepoteza nusu ya faida ya kazi yake.

Chakula cha asili cha kwelea si mtama. Ni mbegu ndogo za majani ya porini. Wakati wa kiangazi huziokota chini zilikoanguka. Mvua za kwanza zikinyesha, mbegu hizo huota zote kwa pamoja, na kwelea hubaki hana cha kula. Hapo huhama, akaenda mbali mahali ambapo mvua ilitangulia na majani yamekwisha zaa. Baada ya majuma kadhaa, majani ya kwetu nayo yanapotoa mbegu, hurudi. Ndiyo sababu mkulima husema kwelea huja ghafula kama mwizi. Hawaji ghafula. Wanafuata majani, na mwenye kuandika mvua na ndege pamoja kwa miaka miwili au mitatu ataona mwenyewe ni majuma mangapi hupita baina ya mvua za kwanza na siku ya kuwaona tena. Muda huo si mmoja kila kijiji, na hakuna Bwana Shamba awezaye kukupa kutoka ofisini.

Akirudi huzaa katika vichaka vya miiba, viota vingi mno mahali pamoja, pengine maelfu, pengine mamilioni. Wote huanza karibu siku moja. Tangu kujenga mpaka makinda kujitegemea haifiki majuma sita au hupita kidogo. Siku za kwanza makinda hulishwa wadudu, kisha hugeukia mbegu, na kundi la makinda yaliyotoka tu kiotani, yasiyojua bado kutafuta mbali, ndilo laweza kufagia shamba lililo karibu. Kwa hiyo siku ya kutoa habari ni siku mnapoona majani mabichi yakibebwa kuelekea vichakani, siyo siku mnapoona masuke meupe. Andika tarehe, mahali, na ukubwa wa eneo la vichaka kwa hatua, upeleke kwa afisa ugani wa kata siku hiyo hiyo. Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1962, nalo hushughulika na kwelea pamoja na nzige, lakini ndege ya kunyunyiza haiwezi kutumwa kwa maneno "wako wengi upande wa mtoni".

Hapa niseme neno juu ya dawa. Dawa ya kuua kwelea hunyunyizwa jioni mahali wanapolala au wanapozaa, nayo haichagui. Bundi, mwewe na kozi wanaokula kwelea waliokwisha lewa dawa hufa pia. Baada ya kunyunyizwa, mtu ye yote asiokote kwelea hao kwa kitoweo. Najua Kondoa watu huwatega kwelea na nyama yake ni tamu. Kuwatega ni kuzuri, tena kunapunguza adui na kuongeza mboga. Lakini kwelea wa mtego na kwelea wa dawa ni vitu viwili mbali.

Tufanye hesabu kidogo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lasema kwelea mmoja hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku, na kwamba kundi la milioni 2 laweza kumaliza tani 20 kwa siku moja. Mamilioni hayo tuyaache kwanza, tuseme habari za shamba la ekari mbili. Kwelea 20 hula gramu 200, kibaba hakijai. Kwelea 140 hula kilo moja na gramu 400 punde si punde. Kwelea 600 hula kilo 6 kwa siku, yaani kilo 42 kwa juma, ambazo ni zaidi ya madebe mawili. Kwelea 1,000 wakikaa siku kumi wamekula kilo 100, gunia zima. Hayo ni makisio, kwa sababu si kila siku wote hula kwako tu, na wengine unaowaona hawakuwapo ulipohesabu. Hata hivyo yanatosha kumfanya mtu aamue. Tuseme daftari lako laonyesha Jumamosi ya kwanza 20, ya pili 140, ya tatu 600. Usingoje ya nne.

Na uamuzi huo ni wa nini? Ni wa watu. Kila nyumba hapa inajua nani huketi juu ya dungu wakati wa kuamia: ni mtoto. Huketi tangu alfajiri mpaka jua kuzama, majuma matatu manne, na wenzake wako darasani. Nimekwisha zungumza na walimu, nao husema mwezi wa Aprili viti huwa vitupu. Sasa, fanya jaribio. Siku moja tu hesabu kila saa, tangu mapambazuko mpaka jioni. Utaona kwelea hula sana asubuhi mpaka kama saa 4, kisha jua likiwa kali huenda kunywa maji na kupumzika vivulini, kisha hurudi alasiri mpaka karibu na magharibi. Katikati ya mchana mtoto wako anaamia upepo.

Kwa hiyo majirani watatu au wanne wenye mashamba yaliyopakana waweza kugawana zamu za asubuhi baina ya watu wazima, mtoto aende shule, na alasiri akirudi ashike kombeo lake kwa saa zile zilizobaki. Haitakuwa rahisi kwa kila nyumba. Mama aliye peke yake na mtoto mgongoni hawezi kuwa dunguni na kisimani kwa wakati mmoja, na hapo ujirani ndipo unapotakiwa. Lakini bila hesabu hata ujirani hauna la kugawana, maana kila mtu anaogopa saa zote sawasawa.

Majirani hao wapande kwa wakati mmoja vilevile. Shamba lililotangulia kukomaa peke yake, au lililochelewa peke yake, hukusanya ndege wote wa kijiji. Mtama mwekundu wenye uchungu hupendwa na ndege kidogo kuliko ule mweupe, ingawa jikoni akina mama wanayo maoni yao, na nisingependa kubishana nao.

Bustani ya mboga sina mengi ya kusema. Shore atatoboa nyanya na papai, na wavu mkuukuu watosha kumzuia. Chozi hunywa utamu wa maua, wala hana hasara.

Mavuno yakiingia ghalani usifunge daftari. Huu ndio wakati wa kuandika bundi. Kwa kuwa hahesabiki asubuhi, andika usiku uliosikia sauti yake. Najua wengi hapa hamtaki hata jina lake litajwe karibu na nyumba, na wako watu wazima waliokwisha mwua kwa mawe. Mimi nitasema jambo moja tu: chakula chake kikubwa ni panya. Andika usiku wa bundi upande mmoja wa ukurasa, na panya walionaswa na mtego wako ghalani upande wa pili. Baada ya mwaka soma mwenyewe, usinisadiki mimi.

Atakayeanza Jumamosi hii atahitaji daftari moja la shule lenye kurasa 48, ambalo latosha miaka miwili akiandika kwa kubana. Asiyejua kuandika achore alama, kijiti kimoja kwa kila ndege kumi, na mtoto amwandikie jina la ndege juu yake. Daftari litiwe katika mfuko wa nailoni na kutundikwa nyumbani, lisiachwe dunguni. Tumieni penseli, maana asubuhi ya masika kila kitu hulowa, na wino ukilowa hesabu ya juma zima huondoka.